Dawa Isiyofika Sokoni na Dawa Isiyofika Witeithie

Tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu jijini Nairobi aliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinakwenda kinyume na Katiba. Hicho ndicho kifungu kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, na mtu aliyenusurika aliweza kufungwa hadi miaka 2. Miongoni mwa waliopeleka kesi ile mahakamani ni Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu na chama cha madaktari wa magonjwa ya akili nchini. Jaji alisema kifungu hicho chavunja haki ya usawa, haki ya heshima ya utu, na haki ya afya.

Wengi tuliupokea uamuzi ule kwa shukrani. Lakini shukrani zikishatulia, swali gumu labaki mezani: mtu huyu tukishamtoa mikononi mwa polisi, twamkabidhi nani?

Naliuliza swali hili nikiwa Witeithie, mtaa ulio kando ya barabara kuu ya Thika, kati ya Juja na mji wa Thika. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa na kazi yangu ni ya kemisti. Jina la mtaa huu ni la Kikuyu, na maana yake ni «jisaidie». Wapwani wenye watoto katika Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta pale Juja, au Chuo Kikuu cha Mount Kenya kule Thika, huenda wamelisikia kwa sababu kodi ya nyumba ilipowashinda wanafunzi mjini, wengine walihamia huku. Vijana wetu wengine wamekuja kutafuta kazi viwandani na kwenye majengo. Mtu akiwa na moyo mzito huku, yuko mbali na mama, mbali na msikiti aliouzoea, na jirani wa mlango wa pili hamjui jina.

Swali ninaloulizwa mara nyingi dukani ni moja: «Daktari, hakuna dawa mpya ya mawazo? Nimesoma kwenye simu kuna dawa inajaribiwa.» Mama mmoja wa Kisauni alinipigia kuniuliza hilo hilo kwa ajili ya mwanawe aliye chuoni. «Mwanangu,» aliniambia, «nisaidie kujua kama hiyo mpya imefika huko bara, maana huku hatujaiona.» Jibu langu lilikuwa refu kuliko alivyotaka, na ndilo nitakalolieleza hapa. Nitaanza na dawa ambayo haikufika sokoni popote duniani, kwa sababu kisa chake chatufundisha mengi kuhusu ile iliyofika.

Nusu ya Prozac

Katika ubongo kuna kemikali iitwayo serotonini. Seli za ubongo huitumia kupashana habari. Ubongo si makao yake makuu, kwani takriban asilimia 90 ya serotonini ya mwili imo tumboni, katika utumbo. Lakini ile kidogo iliyomo kichwani huhusika na usingizi, hamu ya chakula na hali ya moyo. Seli moja ikishaitoa kuipelekea nyingine, huivuta tena ndani. Kuna kundi la dawa zinazozuia kule kuvutwa, ili serotonini ikae nje muda mrefu zaidi. Dawa mashuhuri zaidi ya kundi hilo ni fluoksetini, ambayo kampuni ya Eli Lilly ya Marekani iliiuza kwa jina la Prozac baada ya serikali ya nchi hiyo kuiidhinisha Desemba 1987.

Fluoksetini ina jambo la ajabu kidogo. Molekuli zake ni za namna mbili zilizochanganyika nusu kwa nusu. Zinafanana kila kitu ila mwelekeo, kama kiatu cha kulia na cha kushoto. Wataalamu huziita R na S. Ukivaa cha kulia mguu wa kushoto, utatembea lakini hutastarehe. Vivyo hivyo mwili huweza kuipokea namna moja tofauti na nyingine.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, Eli Lilly ilikuwa na shida ya kibiashara. Hataza ya Prozac, yaani haki ya kuwa muuzaji wa pekee, ilikuwa yaelekea kwisha. Mwaka 1998 iliingia mkataba na kampuni nyingine ya Marekani, Sepracor, ili kutengeneza dawa mpya yenye ile nusu ya R peke yake. Matumaini yalikuwa kwamba nusu hiyo ingefanya kazi vizuri zaidi, na kwamba kwa kuwa ni dawa mpya kisheria, ingekuwa na hataza mpya.

Oktoba 2000 mpango ulisimamishwa. Katika majaribio, waliopewa dozi ya juu kabisa walionekana kuwa na badiliko katika mwendo wa moyo: muda ambao moyo huchukua kujiandaa upya baada ya pigo uliongezeka. Ongezeko lilikuwa dogo, lakini badiliko la namna hiyo laweza kwa watu wachache kuvuruga mapigo ya moyo kwa hatari. Eli Lilly ikaiacha dawa ile. Agosti 2001 kampuni nyingine zikaanza kuuza fluoksetini ya kawaida huko Marekani, na bei yake ikaporomoka.

Hicho ndicho kisa kizima. Kuna dawa nyingine nyingi za serotonini zilizoishia njiani. Femoksetini, mathalan, ilibuniwa Denmark katika miaka ya 1970 na haikuuzwa kamwe. Lakini hii ya nusu ya Prozac yatosha kutupa mafunzo matatu.

Funzo la kwanza: kukwama si aibu

Watu husikia kwamba dawa «ilishindwa» wakadhani kuna jambo baya limetendeka. Kinyume chake, hapo mtihani ulifanya kazi yake. Majaribio ya dawa yamewekwa ili yaweze kusema hapana.

Tazama dawa iliyotangulia. Zimelidini ilikuwa miongoni mwa dawa za kwanza za kundi hili, na mwanasayansi Arvid Carlsson wa Uswidi alihusika kuibuni. Iliingia sokoni Ulaya mwaka 1982. Mwaka uliofuata ikaondolewa, kwa sababu baadhi ya walioimeza walipatwa na ugonjwa wa mishipa ya fahamu unaoweza kupoozesha mwili. Yule aliyezuiwa dawa ya nusu ya Prozac hakupoteza chochote. Yule aliyepewa zimelidini na kupooza alipoteza.

Nalisema hili kwa sababu huku Witeithie, na najua hata huko Likoni na Malindi, kuna wauzaji wanaotembeza vidonge na vikopo vya unga wakisema ni dawa ya mawazo, dawa ya usingizi, dawa ya kurudisha nguvu. Vyazunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Kampuni tajiri kabisa duniani ililazimika kuiacha dawa yake kwa sababu ya badiliko dogo la moyo. Muuzaji wa kikopo amepima moyo wa nani? Kenya ina Bodi ya Dawa na Sumu, na kazi yake ni kusajili dawa kabla hazijauzwa. Ukiona kidonge hakina usajili, jua kwamba hakuna aliyekifanyia mtihani ule ambao nusu ya Prozac iliuanguka.

Funzo la pili: soko ndilo huchagua ugonjwa

Kwa nini watu wengi wenye akili walitumia miaka kutafuta nusu ya dawa iliyokuwapo tayari? Nguvu kubwa iliyowasukuma ni hataza. Si dhambi, ni biashara. Kampuni ya Lundbeck ya Denmark ilifanya jambo kama hilo na ikafaulu: ilichukua dawa yake ya sitalopramu, ikatenga nusu moja, na mwaka 2002 nusu hiyo ikaidhinishwa Marekani kwa jina la esitalopramu. Leo twaiuza hapa Kenya.

Lakini yatubidi tuelewe maana yake kwetu. Utafiti wa dawa hufuata palipo na wanunuzi. Mwaka 2010 kampuni mbili kubwa, GlaxoSmithKline na AstraZeneca, zilitangaza kujiondoa au kupunguza sana utafiti wa dawa za magonjwa ya akili, kwa kuwa gharama ni kubwa na matokeo hayatabiriki. Ikiwa wagonjwa wa London na New York hawakutosha kuwabakisha, mfanyakazi wa mjengo wa Witeithie hakuwemo hata katika hesabu. Anayemwambia mama wa Kisauni asubiri dawa mpya, amwambie pia kwamba dawa hiyo haitafutwi kwa ajili ya mwanawe.

Funzo la tatu: uliza kilichofichwa

Mwaka 2008 jarida la udaktari la New England lilichapisha kazi ya Erick Turner na wenzake. Walichukua majaribio 74 ya dawa 12 za sonona yaliyosajiliwa kwa mamlaka ya dawa ya Marekani, wakalinganisha yaliyomo kwenye makabati ya serikali na yaliyochapishwa majaridani. Majaribio 38 yalikuwa na matokeo mazuri, na 37 kati ya hayo yalichapishwa. Majaribio 36 yalikuwa na matokeo mabaya au ya mashaka: 22 hayakuchapishwa kabisa, 11 yalichapishwa kwa namna ya kuyafanya yaonekane mazuri, na 3 tu ndiyo yaliyochapishwa kama yalivyokuwa. Daktari aliyesoma majarida aliamini kwamba karibu kila jaribio lilifaulu, kumbe ni kama nusu tu.

Je, basi dawa hizi ni uongo? Hapana. Mwaka 2018 Andrea Cipriani na wenzake walikusanya majaribio 522 ya watu 116,477, yakiwemo yasiyochapishwa, wakaona kwamba dawa zote 21 walizozichunguza zilikuwa bora kuliko kidonge kisicho na dawa, ingawa kwa wastani tofauti haikuwa kubwa. Mwaka 2022 watafiti wengine wa London wakaonyesha kwamba ile hadithi ya kuwa sonona husababishwa na upungufu wa serotonini haina ushahidi thabiti. Mambo haya mawili hayagongani. Panadol hutuliza kichwa, lakini hakuna aumwaye kichwa kwa kupungukiwa na Panadol. Dawa huweza kusaidia hata kama bado hatujaelewa vizuri chanzo cha maradhi.

Funzo hili latuhusu sisi Wapwani moja kwa moja. Pale Kilifi, kituo cha KEMRI na Wellcome Trust kilishiriki utafiti mkubwa wa nchi 4, yaani Kenya, Uganda, Ethiopia na Afrika Kusini, kuhusu chembe za urithi na magonjwa mazito ya akili. Watu walitoa mate yao yapimwe. Utafiti ule haukuwa wa sonona wala wa dawa, na ulikuwa na faida yake. Lakini kila utafiti unaotufikia una deni la kuturudishia majibu kwa lugha tunayoielewa, hata majibu yasiyopendeza. Anayetoa mate yake ana haki ya kuuliza.

Iliyofaulu mtihani, yakwama wapi?

Sasa nageukia jambo linaloniuma zaidi. Fluoksetini ilifaulu mtihani tangu 1987. Hataza yake imekwisha. Kampuni nyingi huitengeneza. Imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Kenya. Amitriptilini, ya zamani zaidi, imo pia. Kwa hivyo mtu wa Witeithie hana haja ya kungoja maabara ya Marekani. Dawa ipo. Lakini kati yake na mgonjwa kuna vizuizi, nami huviona kila siku nikiwa nyuma ya kaunta.

Kizuizi cha kwanza ni jina. Hakuna anayeingia dukani kwangu akasema ana sonona. Husema hapati usingizi, kichwa kimejaa, kifua chabana, mwili hauna nguvu, hamu ya chakula imekwisha. Huomba dawa ya usingizi, dawa ya vidonda vya tumbo, dawa ya kuongeza damu. Huko kwetu Pwani majina ni mengine: ana jini, amefanyiwa jambo, ana husuda ya watu. Sera ya Kitaifa ya Afya ya Akili ya 2015 hadi 2030 yakadiria kwamba hadi asilimia 25 ya wagonjwa wa nje na asilimia 40 ya waliolazwa hospitalini wana tatizo la akili. Watu hawa tayari wako mbele ya mhudumu. Huandikiwa kipimo cha malaria na cha homa ya matumbo, wakapewa vidonge, wakarudi nyumbani na kile kile walichokuja nacho.

Kizuizi cha pili ni aibu. Hospitali ya Mathari, iliyoanzishwa mwaka 1910 na ambayo ndiyo kubwa ya magonjwa ya akili nchini, iko kwenye barabara hii hii ya Thika. Abiria wa Witeithie aendaye Nairobi huipita. Jina lake limekuwa tusi ndani ya matatu, kama vile watoto wa Mombasa wanavyotukanana kwa jina la Port Reitz. Hospitali ikishageuzwa tusi, mgonjwa hawezi kuitaja kama mahali pa kupona.

Kizuizi cha tatu ni muda. Fluoksetini haifanyi kazi kama dawa ya kichwa. Huchukua majuma 2 hadi 4, wakati mwingine zaidi, kabla mtu hajaona nafuu, na madhara kama kichefuchefu huweza kutangulia faida. Mgonjwa anapaswa kurudi kuonwa. Kijana wa kibarua akikosa siku moja ya kazi kwenda Thika Level 5, siku hiyo hana malipo. Hujaribu wiki moja, akaona hakuna tofauti, akaacha. Halafu husema dawa za hospitali hazifai.

Kizuizi cha nne ni fedha. Tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, imechukua nafasi ya NHIF. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Asiye na ajira rasmi hutakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Kwa mtu ambaye ugonjwa wenyewe umemwondolea nguvu ya kuamka kwenda kazini, kumtaka alipe ya mwaka mzima kabla ya kutibiwa ni kumwambia kile kile kinachosemwa na jina la mtaa wake: jisaidie.

Wenzetu walivyofanya

Kuna watakaosema kwamba dawa ni mambo ya wazungu, na kwamba kinachotakikana ni kuzungumza tu. Wengine watasema kinyume, kwamba kuzungumza ni kupoteza wakati. Majirani zetu wametupa ushahidi wa kupima maneno hayo.

Mwaka 2003 jarida la chama cha madaktari wa Marekani lilichapisha utafiti uliofanywa katika vijiji 30 vya kusini mwa Uganda, eneo lililoumizwa sana na UKIMWI. Watafiti hawakuanza na jina la ugonjwa kutoka kitabu cha ng'ambo. Waliwauliza wanakijiji, wakaelezwa hali mbili zilizokuwa na majina yake kwa Kiganda: moja ya kujichukia, nyingine ya kujihurumia. Kisha vijiji vingine vikapata vikundi vya mazungumzo kwa majuma 16, vikiongozwa na wenyeji waliofunzwa ambao si madaktari. Mwisho wake, waliobaki na dalili za sonona katika vijiji vya vikundi walikuwa asilimia 6.5; katika vijiji visivyopata vikundi walikuwa asilimia 54.7.

Zimbabwe nako, daktari Dixon Chibanda aliwafunza wanawake wazee wakae kwenye mabenchi nje ya zahanati na kuwasikiliza wagonjwa kwa utaratibu maalumu. Matokeo ya jaribio lake yalichapishwa mwaka 2016, na waliosikilizwa na akina bibi walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Ushahidi huu haupigi vita dawa. Sonona nyepesi mara nyingi husaidiwa na mazungumzo yenye mpango. Ile nzito mara nyingi huhitaji dawa pamoja na mazungumzo. Shirika la Afya Duniani limekuwa na mwongozo tangu 2010 unaowawezesha wahudumu wa kawaida, wasio mabingwa wa akili, kutoa vyote viwili. Wala ushahidi huu haupigi vita dini. Dini yetu imehimiza kutafuta tiba, na shehe anayemsomea mgonjwa dua kisha akamwambia nenda pia hospitali hajapunguza imani ya mtu yeyote.

Sisi Wapwani tuna baraza, tuna madrasa, tuna vikundi vya akina mama vya kuweka na kukopa. Penye mazoea ya kukaa pamoja na kusikilizana, nusu ya kazi ya Uganda na Zimbabwe imeshafanyika. Kilichobaki ni mafunzo, na mhudumu wa kumpokea yule ambaye mazungumzo peke yake hayamtoshi.

Tudai nini?

Sheria ipo. Sheria ya marekebisho ya afya ya akili ya 2022 yazitaka kaunti ziwe na mabaraza ya afya ya akili, na yawakataza wenye bima kumbagua mtu kwa sababu ya ugonjwa wa akili. Kifungu cha 43 cha Katiba chatoa haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachowezekana. Jopo lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipendekeza mwaka 2020 kwamba afya ya akili itangazwe kuwa janga la kitaifa. Karatasi tunazo za kutosha.

La kwanza la kudai ni akiba ya dawa. Fluoksetini na amitriptilini zisikatike katika vituo vya afya vya mitaani, kwa sababu mgonjwa aliyeanza akakuta rafu tupu mwezi wa pili amerudishwa nyuma. La pili ni mafunzo. Septemba 2023 serikali ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000, wakapewa mifuko yenye vipimo vya shinikizo la damu na sukari. Wafunzwe pia maswali machache ya hali ya moyo; maswali hayahitaji betri. La tatu ni mchango wa SHA: mtu anayetibiwa ugonjwa wa akili na hana kipato asidaiwe ya mwaka mzima kwanza. La nne ni polisi na machifu, kuanzia Thika hadi Lunga Lunga, waelezwe kwa Kiswahili kilicho wazi kwamba aliyenusurika kujiua apelekwe hospitali, wala si seli.

Nasi wenyewe tuna wajibu. Ikiwa mwanao amepewa dawa hizi, usimwache azikatize ghafla; kuacha hufanywa polepole kwa ushauri wa daktari. Ikiwa hajafika miaka 25, mwangalieni kwa karibu majuma ya kwanza, kwani mamlaka ya dawa ya Marekani imeonya tangu 2004 kuhusu watoto na vijana wadogo, na 2007 ikawaongeza wa hadi miaka 24, kwamba mawazo ya kujiua huweza kuongezeka mwanzoni. Asigawane vidonge na rafiki. Amweleze daktari dawa nyingine zote anazotumia, pamoja na za miti shamba. Na akikwambia kwamba amechoka kuishi, usimkemee wala usimwache peke yake. Kaa naye, mpeleke hospitali iliyo karibu, au piga simu ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, 1199.

Mama wa Kisauni nilimpa jibu hili kwa ufupi: dawa mpya haijaja, ya zamani yafaa kujaribiwa chini ya daktari, na mwanawe asiachwe peke yake na vidonge. Aliuliza swali moja tu la mwisho, nalo ni bora kuliko yote niliyoyaandika hapa: «Na zahanati ya karibu naye, hiyo dawa wanayo?»

Agosti 2027 tutaombwa kura tena, huku bara na huko Pwani. Gavana na mwakilishi wa wadi wakija mlangoni, waulizwe swali la mama yule, na waongezewe la pili: ni nani katika zahanati hiyo aliyefunzwa kuitoa? Asiyejua jibu apewe siku ya kulirudisha.